Nasaba ya Mheshimiwa Dunkani na Bonge la Udongo

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Wanaoishi humo wanalijua, na wasioishi humo watadhani ninawasema wao. Ni nchi ya milima na ukungu, watu wake wanalima viazi, na serikali yake ina huruma nyingi mno. Nasema mno kwa sababu huruma hiyo haikai ofisini. Inapanda gari, inapanda mlima, inakukuta shambani kwako na kukuuliza mpaka wako unaishia wapi.

Sisi wa Bonde la Mwiseni si watu wa kushuku. Mgeni akija tunamkaribisha, tunampa uji, na mmoja wetu anatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuhamisha mbuzi.

Mkuu wa jimbo letu alikuwa Mheshimiwa Dunkani Lugoloma. Ukoo wake sote tuliujua. Baba yake alishona suruali sokoni, na alikuwa mtu mwema: suruali ya mtoto aliiachia pindo refu, ili mtoto akikua ifunguliwe bila mama yake kununua nyingine. Babu yake alikuwa mpishi wa mmisionari mmoja Mskoti, mzee wa ndevu nyekundu, ambaye siku ya kumbatiza alimpa jina Dunkani kwa kuwa ndilo lililomjia kwanza. Mjukuu akarithi jina. Hakuna aliyeona ubaya.

Kisha Mheshimiwa akaalikwa Uskoti kwenye mkutano wa viazi.

*

Siku ya kurudi tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege, baada ya kuombwa kwa upole na askari wenye virungu. Mlango wa ndege ulifunguliwa, Mheshimiwa akatokeza. Juu alikuwa na koti na tai. Chini alikuwa amevaa sketi ya sufu, ya miraba myekundu na ya kijani, inayoishia magotini.

Mzee Kasanda, ambaye shamba lake limepakana na langu, hajawahi kujifunza kunong'ona. Akasema, "Maskini, huko ugenini wamemwibia suruali."

"Nyamaza, Kasanda," nikamwambia.

"Si afadhali wamempa kitambaa cha meza ajisitiri. Ni watu wema."

Askari waligeuka kutazama. Hakuna aliyecheka. Ila uwanja mzima ulishikwa na kikohozi.

Mheshimiwa alihutubia papo hapo kwenye ngazi. Alisema kwamba siku ya mapumziko wajumbe walipelekwa kutembea, naye akaingia katika kanisa bovu lisilo na paa. Humo akakuta kaburi. Juu ya kaburi alilala mtu wa jiwe, mikono kifuani, na miguuni pake mbwa wa jiwe. Pembeni pameandikwa: Dunkani, Bwana wa Glenmoraki. Huyo mtu wa jiwe, pua yake ilikuwa imevunjika. Na pua ya Mheshimiwa, kama sote tunavyofahamu, ilivunjika akiwa golikipa darasa la sita.

"Mwili ulinisisimka," alisema Mheshimiwa. "Ndugu wananchi, nilikuwa nimesimama mbele ya babu yangu."

Askari wakaanza kupiga makofi, nasi tukawapokea.

Haukupita muda ikafunguliwa Ofisi ya Nasaba, na Mheshimiwa akapewa mbwa wa serikali wa kulala miguuni pake katika mikutano yote. Mbwa huyo hakuwa na adabu ya mbwa wa jiwe. Hotuba ikirefuka aliinuka na kwenda zake.

*

Msimamizi wa ofisi hiyo alikuwa Daktari Zebedayo, ambaye kwa kweli alisomea magonjwa ya viazi. Zamani alikuwa akija mashambani kwetu, anavua viatu, anaingia matopeni na kung'oa miche iliyooza kwa mikono yake mwenyewe. Nilimpenda. Kisha akapelekwa mkutanoni Uskoti kubeba mikoba ya Mheshimiwa, na akarudi akiwa mtaalamu wa nasaba. Koti lake lilikuwa jipya, na kubwa kuliko yeye.

Sikukuu ya Nasaba iliadhimishwa uwanja wa mpira. Daktari akasoma maisha ya Bwana Dunkani wa kwanza, nasi tukasikiliza tumesimama.

"Bwana Dunkani," alisoma, "alizaliwa katika ngome ya mawe, katika nchi ya baridi, zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Akiwa kijana alipigana na jirani yake aliyemtazama vibaya. Jirani alifariki, na Bwana Dunkani, kwa moyo wa utu, akaitunza mali ya marehemu mpaka leo. Wakati huo wafalme wawili walikuwa wakigombea kiti. Bwana Dunkani alimtumikia wa kwanza kwa uaminifu mkubwa mpaka alipoanza kushindwa. Hapo akamtumikia wa pili kwa uaminifu uleule. Wa kwanza alipopata nguvu, akarudi kwake. Na kila alipohama aliongezewa kijiji."

Mheshimiwa wetu alikuwa ameshahama vyama vitatu.

"Basi huyu kweli ni ndugu yake," akasema Kasanda, na uwanja ukakohoa.

Daktari akaendelea. "Bonde la Glenmoraki alilipata hivi. Mfalme alikuja kula kwake, akanywa, akafurahi. Katika kufurahi akatoka nje, akaokota bonge la udongo na jiwe, akamtia Bwana Dunkani mkononi mbele ya mashahidi, akasema bonde hili ni lako. Pembe ikapulizwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya kukabidhi ardhi. Asubuhi kichwa kikamuuma mfalme, akajuta, akataka kurudishiwa bonde. Bwana Dunkani akapiga goti, akamwambia: Mtukufu, udongo umeshapita. Mfalme aling'ata ndevu zake, lakini hakuweza kutengua. Udongo na jiwe vikishatoka mkono mmoja kuingia mwingine, na pembe ikalia, hata mfalme hawezi kutengua."

Hapo Mheshimiwa alisimama na kupunga mkono, kana kwamba yeye ndiye aliyepiga lile goti.

"Na waliokuwa wakiishi humo bondeni?" akauliza mwanamke mmoja.

"Hawakusema kitu," Daktari akajibu. "Kimya chao kilikuwa ridhaa."

Aliyeuliza alikuwa Nyamizi. Mkumbukeni.

Nasaba ikaendelea. Bwana Dunkani alikuwa na wana watatu. Wa kwanza alimsukuma wa pili kutoka mnarani. Wa tatu akamtilia wa kwanza kitu kwenye supu, kisha akarithi kwa huzuni kubwa. Mjukuu akazaa kitukuu, kitukuu akazaa kilembwe, na kilembwe akafa kwa kuanguka na farasi.

"Hapo," akasema Daktari, akafunua karatasi haraka, "nasaba ikapumzika kwa miaka mia nne na hamsini. Ikaendelea hapa kwetu, jikoni kwa mmisionari."

"Daktari, swali dogo," akasema Kasanda. "Watu wa huko ni weupe kama viazi vilivyomenywa. Lugoloma mpishi alikuwa mweusi kama chungu, Mungu amrehemu. Ilikuwaje?"

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jua," akasema.

Jioni hiyo Kasanda alialikwa kituo cha polisi kunywa chai. Aliporudi alisema chai ilikuwa nzuri, ila wanaikoroga sana.

*

Baada ya maisha zikaja sheria. Ikatangazwa kwamba kwa kuwa Mheshimiwa ni Bwana kwa nasaba, ardhi yote ya jimbo ilikuwa yake tangu zamani, ila hakuwa na habari. Sasa amepata habari. Sisi tungeendelea kulima kwa hisani yake, na kila mwaka kila kaya ingempelekea kuku mmoja na ua jeupe.

Hati zetu za mashamba zilikusanywa. Tuliambiwa kwamba Bwana Dunkani hakujua kusoma, na kwamba makaratasi ni ya watu wasioaminiana. Zikatiwa moto, na maofisa wakauota, maana ulikuwa msimu wa baridi. Mmoja wao, dada mwenye mwavuli, alinisogezea nafasi nami niote. Nikaota hati yangu. Ilikuwa na joto zuri.

Kisha ikaelezwa taratibu. Kila mwenye shamba atasimama shambani kwake, atamtia Mheshimiwa mkononi bonge la udongo na jiwe, pembe italia. Mheshimiwa atashukuru, na baadaye, kwa wakati atakaoona unafaa, atamrudishia mwenyewe kwa njia ileile. Ni desturi tu. Hakuna atakayeondolewa.

Sisi si watu wa kushuku. Lakini dada mwenye mwavuli alikuwa ameanza kunitembelea. Alisifu maboga yangu, akasifu hewa, kisha akauliza kama upepo wa bondeni unavuma sana mchana, na kama nyasi fupi zinaweza kustawi. Nilimjibu vizuri. Alipoondoka nikaingiza kuku wote ndani.

Mpuliza pembe aliteuliwa Sengo, mtu wa makamo ambaye kazi yake tangu zamani ilikuwa kuita watu msibani. Hana maneno mengi Sengo. Msibani akishapuliza, yeye ndiye anayebaki kuosha masufuria.

Kasanda alikuwa wa kwanza kutoa. "Wamenikorogea chai mara moja," alisema, "sitaki kikombe cha pili." Akaokota bonge na jiwe, akamtia Mheshimiwa mkononi. Pembe ikalia, mtangazaji wa redio ya jimbo akatangaza, na bonge likatiwa kwenye gunia. Nikafuata mimi na shamba langu la juu, kisha wengine. Tulikaa tukisubiri wakati unaofaa.

Siku moja Kasanda alikwenda kupalilia akakuta shambani kwake pamechomekwa kibendera chekundu. Pembeni ya kibendera kulikuwa na tundu dogo, lililochongwa vizuri sana. Akaingiza mkono, akapapasa. Halikuwa na panya.

"Ni la nini?" akamuuliza askari.

"La mpira."

"Mpira gani unaingia humu?"

"Wa gofu, mzee. Wawekezaji wanakuja. Bwana Dunkani ametoka kwenye nchi ya gofu, hujui? Sogea hapo, unakanyaga nyasi."

"Ni viazi hivi."

"Vitakuwa nyasi."

Kasanda akahamia jikoni kwa Nyamizi.

*

Nyamizi ni mjane. Shamba lake liko katikati ya bonde, kwenye mteremko, na juu yake kuna chemchemi inayotunywesha sote. Kando ya chemchemi amelala mumewe. Kila akichota maji humwagia kidogo pale kaburini kabla ya kujaza ndoo, na anadhani hatumwoni.

Bila chemchemi hiyo, nyasi za gofu zingekuwa za kahawia. Kwa hiyo serikali ikamhurumia Nyamizi kuliko sisi wote.

Wakamletea godoro, akalipeleka kwa Kasanda jikoni. Wakamletea blanketi, akamfunika nalo mbuzi. Wakamwita ofisini, wakamkalisha kwenye kiti cha kuzunguka kutwa nzima bila kumuuliza kitu, na aliporudi akasema kiti kilikuwa kizuri, alisinzia. Mwishowe wakaziba njia yake ya kwenda sokoni, kwa ajili ya usalama wake.

"Shoga," nikamwambia, "watakuja kwa nguvu."

"Waje."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia karibuni. Mimi sijakataa kumpa mtu udongo. Nakataa kumtilia mkononi." Akanitazama. "Wewe ulimtilia mkononi."

Akaniwekea viazi vya kuchoma vya kwenda navyo, vile vidogo ninavyovipenda, na wala hakunisema tena.

Siku ikapangwa. Ofisi ya Nasaba ikatangaza kwamba Bwana atakwenda mwenyewe shambani kwa mjane Nyamizi kupokea udongo wa mwisho, na kwamba asipoutoa kwa hiari, kimya chake kitahesabiwa ridhaa.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tukasimama kando ya mteremko, na maofisa, na askari, na mtangazaji aliyefunika kipaza sauti kwa mfuko wa nailoni. Daktari Zebedayo alikuwa na gunia. Sengo alikuwa na pembe. Mbwa wa serikali alitazama tope lote lile, akapanda juu na kwenda kulala miguuni pa Nyamizi, aliyekuwa amesimama kati ya matuta na jembe lake.

"Mama," akaita Mheshimiwa kutoka chini, sketi ikichuruzika maji, "nimekuja. Nipe udongo."

"Karibu, baba. Udongo ndio huo umeukanyaga."

"Natakiwa nitiwe mkononi."

"Mikono yangu imeshika jembe."

"Liweke chini."

"Litaibwa. Siku hizi wageni wamezidi."

Tukakohoa kidogo. Daktari akasogea mbele. "Bibi, ni desturi tu. Utarudishiwa."

"Kasanda amerudishiwa lini?"

Daktari akatazama viatu vyake. Vilikuwa vipya, na nikaona anawaza kuvivua.

"Daktari," akasema Mheshimiwa kwa sauti ya redio, "Bwana Dunkani hakuwahi kuogopa mteremko." Akaanza kupanda. Alipanda vizuri mpaka tuta la tatu. Hapo kiatu kimoja kikaenda kulia na kingine kikarudi nyumbani, na Mheshimiwa akaanguka kifudifudi, akateleza na matuta, sketi ikabaki juu yeye akienda chini. Sote tukageuka kutazama ukungu. Hata askari waligeuka. Hilo nililiona na ninawashukuru.

Tulipogeuza tena nyuso, Nyamizi alikuwa ametupa jembe. Alishuka mbio, yeye na magoti yake mabovu, akiwa ameshaunyoosha mkono.

"Pole, baba. Pole, pole. Umeumia? Shika hapa."

Mheshimiwa akashika. Alipokuwa akiteleza alikuwa ameng'ang'ania chochote kilichopita, na mkono aliompa Nyamizi ulikuwa umejaa bonge la udongo, na katikati ya bonge palikuwa na jiwe. Nyamizi akamvuta, Mheshimiwa akasimama, akaachia mkono. Nyamizi akabaki na bonge na jiwe kiganjani, akitafuta pa kuvitupa.

Pembe ikalia.

Mtangazaji, aliyeagizwa aseme mara tu akisikia pembe, akasema, "Naam, wasikilizaji, kwa shangwe kubwa udongo umepita! Bwana Dunkani wakati huu amemkabidhi mjane Nyamizi..." Hapo akaona alichokuwa akisema. Lakini kilikuwa kimeshafika jimbo zima.

Mheshimiwa akatazama kiganja cha Nyamizi, kisha chake.

"Nani amepuliza?" akauliza Mheshimiwa.

"Mimi, Mheshimiwa," akasema Sengo. "Nimeambiwa udongo ukitoka mkono kuingia mkono, nipulize."

"Daktari! Futa!"

Daktari akafungua mdomo. Kasanda akamtangulia, wala hakujaribu kunong'ona.

"Hapo Daktari atusaidie. Yule mfalme wa huko, asubuhi ile kichwa kinamuuma, yeye alifutaje?"

Nilimwona Daktari akimtazama Mheshimiwa, na Mheshimiwa akimtazama Daktari. Kama udongo unaweza kurudishwa, basi mfalme angerudishiwa wake, na Bwana Dunkani hangekuwa bwana wa bonde lolote. Na magunia yote yaliyoko ofisini yangekuwa udongo tu. Na Mheshimiwa angekuwa mtoto wa fundi suruali, jambo ambalo sisi tuliona ni heshima ya kutosha, lakini hatukuwahi kuulizwa.

Kipaza sauti kilikuwa kimenyooshwa. Mheshimiwa akajifuta tope machoni.

"Nilikusudia," akasema.

Tukampigia makofi ya kweli. Nyamizi alikuwa bado anamfuta goti kwa upindo wa kanga yake.

Wakati wa kurudi nilimsubiri Sengo njiani. "Sengo, uliona vizuri ule mkono ulikuwa unatoka wapi?"

"Ukungu ulikuwa mwingi, Bibi."

"Lakini ulipuliza."

"Nina mafua. Pumzi inatoka yenyewe."

Akaipangusa pembe kwa shati, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto. Nikamtazama. Yeye hakunitazama.

*

Baada ya siku chache Ofisi ya Nasaba ilitoa sheria mpya, fupi kuliko zote. Ilisema: Ni marufuku kwa mwananchi yeyote kumwinua kiongozi aliyeanguka.

Ilisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni. Askari waliifafanua nyumba kwa nyumba. Kiongozi akianguka, mwananchi aweke mikono nyuma na kusubiri maelekezo. Sisi ni watu watiifu. Watoto waliicheza shuleni: mmoja anaanguka, wengine wanaweka mikono nyuma.

Wawekezaji walikataa kuja kwa kukosa maji, lakini Mheshimiwa alikuwa ameshaahidi gofu, kwa hiyo akaja kuifungua kwenye shamba la Kasanda, karibu na kile kibendera. Kulikuwa na mpira mmoja mweupe na fimbo moja. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha usiku uliotangulia tu. Mheshimiwa akapanua miguu, akainua fimbo, akaupiga mpira kwa nguvu za ukoo mzima. Mpira ulibaki palepale. Yeye ndiye aliyekwenda, akaingia kwenye mfereji wa viazi, akalala chali, mikono kifuani, pua juu.

Tukaweka mikono nyuma.

"Niinueni!" akaita. Alijaribu kuinuka, akazama zaidi. "Daktari!"

Daktari Zebedayo alikuwa ameweka mikono nyuma kuliko sisi wote.

"Askari!"

"Na sisi ni wananchi, Mheshimiwa," akasema mkubwa wao kwa masikitiko.

"Ninaifuta sheria!"

"Tunashukuru," akasema Kasanda. "Ila ilitangazwa redioni. Ifutwe redioni."

Mtangazaji akachuchumaa, akashusha kipaza sauti mpaka mferejini. Mheshimiwa, akiwa amelala vilevile, akaifuta sheria. Sauti ilisikika vizuri sana.

Nyamizi akaanza kushuka, maana hawezi kumwona mtu chini akatulia. Kisha akasimama. "Kasanda," akasema, "nenda wewe. Huyu ameangukia kwako."

Kasanda akashuka. Mheshimiwa hakuwa mjinga. Alipangusa viganja vyote viwili kwenye sketi, akavinyoosha juu vikiwa safi, vidole vimepanuliwa, ili kila mtu avione.

Kasanda akaushika mkono mmoja, akavuta kidogo, akauachia. Akaushika mwingine, akauachia.

"Inateleza, Mheshimiwa," akasema kwa upole ambao sikuujua kuwa anao. "Mikono mitupu haishikiki kwenye maji. Shika udongo kidogo, upate kukamata. Na kajiwe."

Mheshimiwa alimtazama. Maji ya mferejini yalikuwa yamefika masikioni, na ya baridi. Akatutazama sisi, tuliopanga mstari mikono ikiwa bado nyuma kwa mazoea. Akamtazama mbwa wake. Mbwa alikuwa akinusa kibendera, akainua mguu.

Mheshimiwa akapeleka mkono chini, akafumba ngumi.

Pembe ikalia kabla hajasimama sawasawa. Sengo alisema ni mafua yaleyale.

Kasanda amerudi kwake. Lile tundu analifugia sungura. Daktari Zebedayo alikuja juzi, akavua viatu mwenyewe mlangoni, akaniuliza viazi vyangu vinaendeleaje. Nilimpa uji. Mbuzi sikuwahamisha, ila nilikaa mahali ninapoweza kuwaona.

Udongo wa shamba langu la juu bado uko guniani. Sina kinyongo na mtu, na sijawahi kumwombea yeyote aanguke. Ila nimemwalika Mheshimiwa aje kunywa chai masika yakianza. Njia ya kupandia nimeilima upya, nimeisawazisha, haina hata kokoto moja la kumkwaza mguu. Mawe yote nimeyakusanya pembeni, karibu, madogomadogo, ya kutosha kiganja. Juu nimemwekea kigoda cha kupumzikia na kanga kavu ya kujifuta.

Nimemwalika na Sengo. Nimemuuliza hali yake, akaniambia mafua bado hayajapona.